Kabla ya Subaru Yako: Mafundi Wasio na Majina Waliochezea Gia Barabara ya Kilwa

Jumamosi usiku pita Mbagala, Kilwa Road. Utazisikia kabla hujaziona. Subaru Impreza yenye eksozi ya kunguruma, Altezza iliyoshushwa mpaka inakaribia kulamba lami, Mark II iliyotoka kiwandani wakati mwenye nayo hajaanza hata chekechea. Milango inafunguliwa, muziki unapigwa, na ubishi unaanza: nani kaweka nini. Siku hizi ubishi mtamu hauhusu rimu wala spika. Unahusu mkono wa gia. Mwenye ndinga anakukaribisha kwenye kiti chake, anakwambia shika hapo, ingiza mbili. Unaingiza. Tik! Mkono umesogea kidogo tu, kama swichi ya taa ya chumbani. Jamaa anatabasamu. Kaagiza kifaa chake Japani, kifupi, kina bushi ngumu, na fundi kamfungia mchana mmoja.

Noma sana, hakuna anayebisha. Ila mdau, hiyo barabara unayojidai nayo ina mwisho wake. Ifuate kusini: Kongowe, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, vuka Rufiji, Somanga, Nangurukuru. Hapo ukikata kushoto unaingia Kivinje na Masoko, yaani Kilwa yenyewe iliyoipa barabara jina. Ukinyoosha unafika Lindi. Na huko, kazi ya kubadilisha rodi na bushi za gia imefanywa miaka mingi kabla kijana wa kwanza wa Dar hajajua kwamba kuna kitu kama hicho cha kuagiza. Waliofanya hawakupiga picha. Majina yao hayapo popote.

Ajabu ni kwamba Kilwa ni sehemu yenye majina kuliko sehemu nyingi za pwani hii. Ibn Battuta alipita mwaka 1331 na akaandika habari za sultani aliyemkuta. Masultani wa pale walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na sarafu hizo zinaokotwa mpaka leo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilianzia milima ya Matumbi, humo humo upande wa Kilwa, na mashujaa wake wanafundishwa shuleni. Lakini historia ikishuka kutoka kwenye jahazi na kupanda lori, ghafla watu wote wanakuwa "dereva", "utingo" na "fundi". Basi.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe, maana wengi wanaobishana Mbagala hawajawahi kulala chini ya gari.

Mkono wa gia ni mtaimbo. Una egemeo lake, una upande wa juu unaoushika wewe, na upande wa chini unaosukuma rodi. Tuseme juu ya egemeo kuna sentimita 30 na chini kuna sentimita 5. Hapo ili mguu wa chini usogee sentimita 2, mkono wako unasafiri sentimita 12. Sasa chukua mkono mwingine ambao chini umerefushwa ukawa sentimita 7 na nusu. Sentimita 2 zile zile unazipata kwa kusafiri sentimita 8 tu. Huo ndio ufupi unaolipiwa hela. Ila mtaimbo hautoi bure: nguvu unayotakiwa kutumia inaongezeka nusu nzima. Ndiyo maana gia fupi ni ngumu mkononi. Anayekwambia kaweka gia fupi na imekuwa laini zaidi, muulize kaweka nini kingine.

Halafu kuna ulegevu. Kwenye gari ambalo giaboksi iko chini ya kiti chako, kama Land Rover 109 au hiyo Altezza, mkono unaingia ndani moja kwa moja. Kwenye Subaru kuna rodi kati ya mkono na giaboksi. Kwenye Corolla ya kawaida kuna kebo mbili, moja ya kuchagua njia na nyingine ya kuingiza. Kwenye basi na lori ambalo dereva anakaa mbele kabisa, rodi ni ndefu na zina maungio kadhaa. Kila ungio lina bushi, na kila bushi inalika. Maungio manne yakilegea milimita moja moja tu, jumla ni milimita 4 kule chini. Zidisha kwa mtaimbo wa mara sita: mkono wako unacheza milimita 24 hewani kabla giaboksi haijasikia chochote. Dereva anatafuta tatu anapata tano. Anatafuta rivasi anapata moja. Sasa mpe huyo dereva mchanga wa Muhoro, tope la Rufiji na chumvi ya pwani, halafu usubiri miezi michache.

Magari kwa wingi yalifika Kusini kwa kishindo baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mradi maarufu wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo mingi ilikuwa mabaki ya vita. Matrekta mengine yalinunuliwa kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengine yalitengenezwa Uingereza kutokana na vifaru vya Sherman, kifaru kikavuliwa mzinga kikaambiwa kalime. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea, na Mtwara ikachimbiwa bandari. Mwaka 1951 mradi ukafa, karanga hazikuonekana, na hela ya walipa kodi wa Uingereza ikayeyuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa. Vitabu vimeandika sana kuhusu mabwana waliokosea mahesabu.

Kilichobaki ni vijana. Watu wa Lindi, Nachingwea, Masasi na Kilwa walioshika usukani na spana kwa mara ya kwanza kwenye mitambo ile, kisha mradi ulipofungwa wakaingia kwenye malori ya mkonge, ya korosho, ya chumvi na ya maduka ya Wahindi.

Malori ya enzi zile hayakubembeleza mtu. Cadillac ilianza kuuza magari yenye sinkro mwaka 1928, lakini kwenye malori teknolojia hiyo ilichelewa sana. Bila sinkro huwezi kuingiza gia kwa kusukuma tu. Unakanyaga klachi, unatoa gia unaweka fri, unaachia klachi, unapiga resi kidogo ili mizunguko ilingane, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, giaboksi inasaga meno na kila mtu barabarani anajua kuna mwanafunzi. Waliojua walisikiliza. Sikio ndilo lilikuwa mita ya mizunguko.

Na hapo ndipo mambo yanapogeuka ukilinganisha na Subaru yako. Dereva wa lori hakutaka mkono mfupi. Alitaka mrefu! Giaboksi nzito na rodi zenye kutu vilihitaji nguvu, na dereva aliyekaa kwenye usukani saa 14 hakuwa na nguvu ya kugawa. Mkono ukirefushwa juu, unasafiri zaidi lakini unasukuma kwa wepesi. Kwa hiyo mtu analehemu kipande cha bomba, anakipinda kidogo kimwelekee dereva, anaweka kitasa cha mti au cha plastiki iliyoyeyushwa. Ni kanuni ile ile ya mtaimbo, imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mikono mirefu yenye mbwembwe uliyokuwa ukiiona kwenye daladala ilikuwa na ukoo huo huo, ingawa pale urembo ulishazidi kazi.

Kwenye magari madogo hadithi ilikuwa nyingine. Peugeot 404 ilikuja na gia kwenye usukani. Mkono unatoka ubavuni mwa nguzo ya usukani, rodi zinashuka chini kupitia sehemu ya injini mpaka kwenye giaboksi. Raha yake ni kwamba mbele wanakaa watatu. Karaha yake, kwenye magari mengi ya mtindo huo, ni kwamba bushi zikilika rodi zinanasiana. Gari linagoma katikati ya gia mbili. Dereva anashuka, anafungua boneti, anashika vile vishikizo kwa mkono, anavirudisha fri, anafunga boneti, safari inaendelea. Abiria wa zamani wanaikumbuka hiyo boneti kuliko wanavyomkumbuka dereva.

Marekani walikuwa na ugonjwa huo huo wa gia za usukani, na dawa yao ikawa biashara. Jamaa mmoja wa Pennsylvania, George Hurst, alitajirika kwa kuuza mikono ya gia ya kuhamishia chini, imara na mifupi. Kufikia mwaka 1964 Pontiac GTO ilikuwa inatoka kiwandani ikiwa na mkono wa Hurst. Jina lake liliandikwa kwenye chuma chenyewe, kila anayebadilisha gia alishika jina la mtu. Fundi wa pwani yetu aliyekata rodi na kuhamishia gia sakafuni aliandika jina lake wapi? Alilipwa, akapewa na hela ya chai, akaitwa mwingine.

Hata michezo ya magari ilipopita Afrika Mashariki, majina yaligawiwa kwa kipimo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo hiyo Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania. Wapo pia Joginder Singh na Shekhar Mehta, na Mehta peke yake alichukua mara 5. Mabingwa kweli, heshima yao ibaki. Lakini rali ilikuwa siku chache kwa mwaka, na nyuma kulikuwa na gari la msaada lililojaa spea. Dereva wa korosho alikuwa na rali yake Dar hadi Lindi kila wiki, karibu kilomita 450, na gari la msaada lilikuwa utingo mmoja mwenye spana tatu, waya na kipande cha tairi.

Hicho kipande cha tairi ndicho kiini cha habari hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, Mwalimu akawaambia Watanzania wafunge mikanda. Kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa 8 mchana kulipigwa marufuku ili kuokoa mafuta. Mabasi ya KAMATA yalisimama kwa kukosa vitu vidogo. Bushi ya nailoni ya rodi ya gia, kitu unachoweza kukifumbata kiganjani, kiliweza kulaza basi zima wiki kadhaa. Kuiagiza nje kulihitaji vibali, na kibali kilipopatikana hela hakuna. Mpaka mwaka 1984 biashara ilipoanza kulegezwa, na baadaye enzi ya Mzee Mwinyi, mzee wa ruksa, spea hazikuwa za kununua. Zilikuwa za kubuni.

Mafundi walikuwa na njia kama tatu, na kila moja ilikuwa na tabia yake. Ya kwanza ilikuwa raba ya tairi, ile ile inayotengeneza makubazi. Unakata sehemu yenye nyuzi, unaitoboa kwa msumari uliowekwa motoni, unaisugua mpaka ikae, unaipaka grisi, unaisukumiza kwenye tundu. Raba hainyongi rodi, inameza mtikisiko, na kwenye barabara ya mawe hiyo ni sifa. Ila inalegea mapema, na ikikutana na oili inavimba. Njia ya pili ilikuwa kukereza. Ukiwa na ndugu Dar, unampa dereva wa lori kipande cha sampuli, kinafika Gerezani kwa wenye mashine za kukerezea, kinarudi baada ya siku kadhaa kimekuwa bushi ya shaba au ya nailoni nzito. Shaba ni ngumu, gia inaingia kama mlango mpya, lakini inapiga kelele na inataka grisi kila mara, la sivyo inaanza kula pini. Ya tatu ilikuwa ya kukata shauri: toa bushi kabisa, chomelea bolti moja kwa moja, funga kwa nati mbili zinazobanana zisifunguke. Hakuna ulegevu hata chembe. Hakuna pia pa kukimbilia siku chuma kikichoka.

Mafundi wazuri walikuwa wanachanganya. Raba pale karibu na injini penye mtikisiko, shaba kule kwenye giaboksi panapotakiwa usahihi. Hebu angalia hilo vizuri. Leo kampuni zinazouza vifaa vya Subaru zinakupa bushi za poliyurethani za ugumu tofauti, na zinakueleza kwa maneno mengi kwamba ungio hili linataka ulaini fulani na lile linataka ugumu fulani. Fundi wa chini ya mkorosho alishafika hapo, hakuwa na katalogi tu.

Sehemu alipofanyia kazi ina jina zuri kupita kiasi: gereji bubu. Isiyo na leseni, isiyo na ubao, isiyo na paa. Bubu kwa serikali, lakini muulize dereva yeyote wa Kusini, alijua ipo mti gani.

Na usidhani hii ilikuwa habari ya starehe, kwamba gia ikae vizuri mkononi. Fikiria pantoni la Ndundu. Kabla ya daraja, Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Basi linashuka ukingoni taratibu, linapanda kwenye chuma, magari yanapangwa, wanavuka. Kazi ni upande wa pili: kupanda kutoka kwenye pantoni kwenda ukingoni, njia ya mwinuko, tope limeshalainishwa na matairi ya waliotangulia. Hapo ni gia moja, na gia moja inatakiwa iingie na ikae. Gia iliyoingia nusu inaruka. Ikiruka ukiwa katikati ya mwinuko gari linarudi nyuma, na nyuma ni pantoni yenye magari na watu, na baada ya pantoni ni mto wenye viboko na mamba. Una breki tu, na breki za tope ni breki za kubahatisha. Utingo anakimbia na kigogo cha kuziba tairi. Hao wamama walioshuka na watoto kabla basi halijapanda hawakushuka kwa ajili ya kupunguza uzito tu.

Ndiyo maana dereva makini kabla ya Ndundu alisimama, akamwambia utingo aingie chini. Kukagua ungio, kukaza nati, kupaka grisi, kuingiza moja na kutoa mara kadhaa injini ikiwa imezimwa. Dakika 20. Abiria wanalalamika, wengine wanatukana. Akafika salama, hakuna aliyejua kwa nini alifika salama. Jina la dereva wa basi huandikwa gazetini siku akianguka, na mara nyingi linafuatana na neno uzembe. Wa dakika 20 hawajaandikwa na yeyote, na walikuwa wengi, maana barabara ile ilipitika miaka yote hiyo kwa sababu yao.

Masika yakikolea hata pantoni halikusaidia, bonde lote linakuwa ziwa. Kusini inakatika. Magari yanapangana pande zote mbili siku nyingi, watu wanapika kando ya barabara, ndoa zinaahirishwa, maiti zinazikwa njiani. Kwenye foleni hizo ndipo ufundi ulipohama kutoka mtu hadi mtu. Utingo wa lori la chumvi la Kilwa anamwangalia fundi wa basi la Lindi akifungua maungio, anauliza, anashika tochi, anakumbuka. Chuo chenyewe kilikuwa hicho.

Tarehe 2 Agosti 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, mita 970 juu ya Rufiji. Kilichobaki kuwa kidonda ni kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ambacho kilisumbua miaka mingine zaidi ya 10 kabla hakijatulia kwa lami. Baada ya hapo Dar hadi Lindi ikawa safari ya mchana mmoja. Basi la kisasa lina kebo badala ya rodi, au halina hata mkono wa maana, kuna kiswichi. IST na Noah zikajaa Lindi mjini, nyingi otomatiki. Vijana wa gereji wakahamia kwenye bodaboda na bajaji.

Bajaji nayo ina gia, usisahau. Iko kwenye mpini wa kushoto, unazungusha, na kebo nyembamba zinabeba amri mpaka kwenye giaboksi. Mchanga unaingia, kebo inachanika uzi mmoja mmoja, mpaka siku gia inagoma kwenye mzunguko wa soko. Kijana wa Kilwa Masoko anaibadilisha muda mfupi tu, na ukimwangalia anavyorekebisha urefu wa kebo kwa kusikiliza, unaona mkono wa nani umempitia. Ila ukimpa basi la zamani lenye rodi sita atakwambia mtafute mzee fulani. Na mzee fulani macho yameshapungua.

Sasa turudi kwenye Impreza, maana kuna vijana wa Lindi na Mtwara wanazo na wameanza kuagiza vifaa hivi. Kazi yenyewe kwenye giaboksi ya gia 5 si ya kutisha, ni ya uvumilivu. Gari linapanda juu, linakaa kwenye stendi nne, si kwenye jeki na matofali kama tunavyoona mitandaoni. Ndani unafungua kitasa, ngozi ya gia na plastiki za katikati. Chini unashusha eksozi ya kati na kinga yake ya joto, hapo ndipo unapata nafasi ya kufikia rodi. Kuna rodi inayosukuma na kuna nyingine ya kushikilia mkono usitembee wenyewe, yenye bushi nyuma. Wengi wanabadilisha mkono tu na kuiacha bushi hiyo ya kushikilia, wakati pengine ndiyo imekufa. Matokeo ni gia fupi iliyolegea, ambayo ni mbaya kuliko ndefu iliyolegea, kwa sababu sasa njia zimesogeleana na kosa dogo linakupeleka kwingine. Unatoka tatu kwa kasi unataka nne, unaangukia mbili, injini inapiga kelele ambayo hutaisahau, na mfuko wako pia hautaisahau.

Anza na bushi. Funga bushi mpya kwanza, endesha wiki moja na mkono ule ule wa zamani. Kuna watu wameishia hapo hapo na roho ikatulia, wakaokoa na hela. Ukiona bado unataka ufupi, ndipo ubadilishe mkono. Na usiusukume kwa hasira. Mkono mfupi unasukuma sinkro kwa haraka zaidi, na sinkro iliyochoka kwenye giaboksi ya miaka 20 haitaki haraka, itakusagia.

Barabara yenyewe haijaacha vituko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani, mvua ziliikata barabara ya Kusini sehemu kadhaa upande wa Kilwa, Somanga ikiwemo. Malori na mabasi yakapangana tena kama zamani, pande zote mbili. Waliokuwa na simu walirusha video za maji. Waliokuwa na mizigo walisubiri.

Na kutoka Nangurukuru ile njia ya kwenda Liwale, zaidi ya kilomita 200, masika yakiingia bado inataka gari lenye miguu. Land Rover 109 ukiikuta njia kama hiyo ni ya zamani, vitasa vyake viwili vidogo cha njano na chekundu vimefifia rangi. Ukikutana nayo imesimama kivulini, mwombe dereva ushike ule mkono mkubwa wa katikati, injini ikiwa imezimwa. Ingiza moja, toa. Ingiza rivasi, toa. Sikiliza inavyokaa, kisha muulize nani kaifunga. Akikutajia jina, liandike.